Mbao Zilizoitwa Baba na Shangazi

Nilisikia randa kabla sijaiona karakana. Nilikuwa napanda mtaa wa Ramadhani hapa Njombe, ukungu ukiwa bado umelalia mabati, na mlio ule ukanifanya nisiiamini simu niliyopigiwa alfajiri nikiwa Makambako, kwamba fundi wetu amefariki. Maiti hapigi randa, nilijiambia, nikaongeza mwendo. Nilipofika nilimkuta jirani yake ameinamia meza ya fundi, randa ya fundi mkononi, anamtengenezea jeneza. "Pole, mwandishi," alisema bila kuinua kichwa. "Randa hii imemzoea yeye. Kwangu inagoma."

Wasomaji wa safu hii wanajua kuwa huwa sitaji majina ya watu. Leo naomba wanivumilie, maana jina ndilo lililonitia hasira.

Seremala huyu ndiye aliyejenga banda la nchi yetu kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa huko ng'ambo: kuta, dari na milango ya mbao za paina, bila msumari hata mmoja. Mbao alizichagua mwenyewe Makambako, akazikausha chini ya paa lake kiangazi kizima. Wenzake huandika namba pale ulimi wa ubao unapoingia kwenye tundu la mwenzake. Yeye aliandika ukoo. Baba huingia kwa Mama, Shangazi hukaa ubavuni mwa Baba, Mjomba upande wa pili. "Namba utaisahau," aliniambia. "Shangazi utamsahau?"

Mzigo ulipopokelewa na ofisi iliyosimamia safari, mtu mmoja akaona aibu kwamba kazi ya taifa ina maandishi ya penseli. Akaamuru yapigwe msasa. Mbao zikafika ng'ambo safi kabisa, na hakuna aliyejua ubao upi unaingia wapi. Siku mbili kabla ya ufunguzi wakampigia fundi simu ya picha, na mimi ndiye niliyemshikia ile simu pale karakana. "Mgeuzeni nimwone uso," alisema, akiyatazama mafundo ya mti. "Huyo ni Shangazi. Msimlaze hivyo, ana mgongo mbaya." Kule wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakawa wanamtii, kipande baada ya kipande, tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Banda likasimama.

Simu ilipokatika aliniuliza jambo moja tu. "Pale ukutani wanapoandika watu wa banda, na mimi nimo?"

Nilijua hayumo, kwa sababu maneno ya ukutani na ya kijitabu cha banda niliyaandika mimi. Jina langu limo. La msimamizi limo, na la aliyechagua rangi ya kadi za mwaliko limo. Yeye ameandikwa "mafundi wa nyanda za juu", kana kwamba ni aina ya mti. Nilikuwa nimeuliza mara moja, nikajibiwa kuwa orodha ni ya wasanii, nami nikanyamaza kwa kuogopa kuachwa kwenye msafara wa kufunga maonyesho. Nikamwambia, "Nitafuatilia, mzee." Akaniamini. Miezi hii yote maonyesho yakiendelea, kila nilipokuja Njombe aliniuliza tena, bila kunilaumu, mpaka nikaanza kupita barabara nyingine.

Jambo hili tunaliita utaratibu. Tunarudi kutoka ng'ambo na picha za watu wenye suti mbele ya ukuta, na hakuna anayeuliza ukuta umesimamaje. Tunahubiri kuwa sanaa yetu imetoka kwa wananchi, halafu tunawafuta wananchi hao kwa msasa. Wala hatukufutiwa na wageni. Tumefuta wenyewe, huku tukijisifu kwa usafi wa kazi.

Msibani alikuja afisa wa ofisi ile. "Mama, nchi nzima inamlilia," alisema, akimpa mjane kijitabu kwa mikono miwili. Mjane hakukipokea.

"Kamwene, baba," alimsalimu kwa Kibena. "Karibu. Nisomee jina lake."

Afisa akafunua kurasa, akazifunua tena. "Tutaliweka kwenye toleo jingine, mama."

"Na hilo toleo ataliandika nani?"

Afisa akanitazama. Wanawake waliokaa mkekani wakanitazama pia. Nikasema kwa haraka kuwa nitalitaja kwenye safu yangu.

"Gazeti ni lako," mjane alisema. "Yeye aliulizia ukuta."

Ndiyo maana hamlioni jina lake hapa. Pale mkekani nilijifunza kuwa mwenye kalamu akinyamaza, msasa anaushika yeye pia.

Afisa alipoinuka, mjane alinigeukia. "Mfuate mwenzako, mwanangu. Mkirudi, mje na jina."

Nikatoka. Mlango ule marehemu aliutengeneza mwenyewe, hauna msumari. Mjane akaufunga nyuma yangu.