Mafuta ya Kila Pasaka

Fundi wa vipima kina hapa bandarini kwetu Murter hamsalimii mtu mpaka akitukane kifaa kwanza. Huteremsha majini uzi wake wenye mafundo na kipande cha risasi, akapata kina cha kweli, ndipo anatazama kioo cha kipima kina. Leo, kwenye mashua ya matanga ya jirani yangu Nevenka, uzi ulisema mita nne. Kioo kikasema tisini, halafu moja.

"Mwongo mkubwa wewe," alikiambia.

"Labda ni mimi sijui kukisoma," alisema Nevenka. "Marehemu mume wangu hakikumsumbua hata siku moja. Bora niiuze tu hii mashua."

Fundi akalala kifudifudi, akafungua kikombe kilichobandikwa ndani, kwenye sakafu ya mashua, ambamo kihisio cha kupimia kina hukaa ndani ya mafuta. Kikavu. Akapitisha kidole, akanusa.

"Zeituni. Mafuta yakiisha hewa inaingia, kinaanza kupayuka. Mumeo alikuwa anaongeza kila Pasaka, mama, nilikuwa namwona. Hakukwambia?"

Nevenka akatikisa kichwa.

Begini mwa fundi mlikuwa na chupa nzima ya mafuta ya kazi hiyo, niliiona. Akaifunika kwa kitambaa.

"Ile mizeituni yenu bado inazaa?"

"Inazaa."

"Basi kalete mafuta yenu. Nakusubiri."