Mama Honi na Neno Moja la Gazeti

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Mama Honi anafungua kibanda cha matangazo cha stesheni ya treni, anafuta kipaza sauti kwa kitambaa, anageuka pembeni kukohoa. Nje abiria wamelala kwenye mabenchi, vichwa juu ya mabegi.

"Treni ya milimani, jukwaa la pili! Amkeni jamani, treni haina mjomba!"

Mabenchi yanatikisika. Watu wanasimama kabla hata macho hayajafunguka.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa. Hutembea dakika arobaini kutoka nyumbani, kwa kuwa saa hiyo hakuna usafiri. Asubuhi moja hutangaza mara kumi na nne. Koo lake, anasema, "limeota sugu kama kisigino."

Ukutani pamebandikwa kipande cha gazeti cha miezi michache iliyopita, mstari mmoja umepigiwa wino mwekundu. Mwandishi wa habari hiyo alizungumza na watangazaji wote wawili: Mama Honi wa asubuhi, na wifi yake, mdogo wa mumewe, wa jioni. Sauti ya wifi aliiandika kuwa "laini, ya Kiswahili kilichonyooka." Kuhusu Mama Honi aliandika: "Anazungumza kwa lafudhi nzito ya milimani."

"Nzito!" anasema Mama Honi. "Alinipima kwa mizani gani? Mimi gunia la viazi?"

Neno hilo lilimkwama kama mwiba wa samaki. Hafichi: wivu ulimtafuna. Jumapili ile, kwa mama mkwe, gazeti lilisomwa kwa sauti mara tatu, na kila likifika kwenye "laini" mama mkwe alitikisa kichwa kwa raha.

"Usijali wifi," mwenzake alimwambia akicheka. "Uzito nao ni mali."

"Cheka tu. Lafudhi na wewe unayo. Ila yako ni ile ya wenye gazeti, ndiyo maana hawakuisikia."

Kicheko kikakatika.

Baada ya wiki mbili ikatoka habari kwamba stesheni itabaki na mtangazaji mmoja. Mkuu wa stesheni akawa anapita majukwaani na gazeti lile kwapani. Mama Honi akaona kibanda kinaondoka hivi hivi, tena kinakwenda kwa yule yule.

Akaanza kujifunza. Kila jioni alijifungia bafuni akimwiga wifi, akilegeza hapa, akinyoosha pale. Mumewe, fundi wa reli, aligonga mlango.

"Mke wangu, dada yangu kaingia humo saa ngapi?"

Jumatatu moja akatangaza treni ya milimani kwa sauti hiyo ya kuazima. Ilitoka laini kama siagi. Mwenyewe alijisifu moyoni. Treni ikapiga honi, ikaondoka.

Abiria thelathini na mmoja walikuwa bado wamelala.

"Nilisikia," anasimulia muuza vitunguu mmoja aliyeachwa siku hiyo na magunia yake. "Nikasema moyoni, huyo dada wa jioni, sisi bado. Mtu aliyelala hasikilizi maneno, bwana. Tunamsubiri mama yetu atufokee."

Mama Honi alipewa barua ya onyo. Jumanne akarudi na sauti yake, na hakuna aliyeachwa tena. Lakini uamuzi wa nani abaki haujatoka. Mkuu wa stesheni anasema utatoka mwisho wa mwezi.

Abiria wa milimani hawakungoja. Wameandika barua ya kumtetea, ina saini mia mbili na nne. Na aliyewaandikia, kwa kuwa wengi wao kalamu si rafiki yao, ni wifi mtu. Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kutia saini.

"Asubuhi siiwezi," anasema wifi. "Mimi nikitangaza, watu wanazidi kulala."

Mama Honi anaitoa nakala ya barua hiyo mkobani, anaikunjua.

"Ameniokoa, Mungu ambariki," anasema. "Lakini tazama huo mwandiko. Hata kwenye kunitetea lazima anishinde?"

Anachotaka ni kubaki kibandani hadi atakapostaafu, miaka sita ijayo. Na anataka habari hii ikichapishwa aikate, aibandike juu ya ile ya zamani, iifunike yote.

"Sasa wewe sauti yangu utaiandikaje?" ananiuliza. "Usiandike nzito, usiandike laini. Andika kwamba nikisema, watu wanaamka."

Na ya wifi?

Anatazama saa ya ukutani, anavuta kipaza sauti karibu.

"Ya wifi usiiandike kabisa. Ilishaandikwa."

Kisha anavuta pumzi, na kule nje, kabla hajatamka neno, muuza vitunguu ameshashika gunia lake.