Jina la Mama Kwenye Chupa ya Achari

Aliyenichokoza ni mteja wangu wa siku nyingi. Alikuja bandani kwangu Tandale kula wali maharage, akaweka mezani chupa ya achari ya embe, akasema, "Dada, kumbe siku hizi mpo mpaka Kawe. Hongereni."

Niliitazama ile chupa. Kwenye karatasi yake kulikuwa na jina la mama yangu, na kuzunguka jina, pindo la korosho nyekundu kama la khanga aliyoipenda. Jina lenyewe si la kukutana nalo kila mtaa. Ni la kwetu kusini, na hapa mjini sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine. Mama amefariki mwaka wa pili sasa. Ndugu waligawana vyombo na nguo, mie nikabaki na banda na jina lililoandikwa juu ya mlango. Kwa jina hilo sicheki na mtu.

Nikaonja. Ilikuwa achari ya mama, mpaka ule ukali wake wa mwishoni. Roho iliniuma. Nikaanza kuwapanga wezi kichwani: msaidizi niliyemfukuza, jirani anayependa kuchungulia sufuria zangu, wifi yangu. Hata marehemu baba nilimshuku. Isije ikawa aliacha mtoto wa nje, akaona njia ya kumtuliza mama ni kumpa mtoto jina lake.

Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Kawe. Duka nililiona kwa mbali, maana jina lilikuwa limechongwa kwenye ubao mpana juu ya mlango. Ndani, rafu moja ilikuwa ya vinyago, kila kimoja kina jina la mama chini ya nyayo. Rafu ya pili achari tupu. Nikasema moyoni, huyu hakubakiza hata herufi.

Muuzaji alikuwa binti, hata thelathini sidhani kama amefika. Sikumsalimia.

"Hilo jina umelitoa wapi?"

"Ni langu."

"Ni la mama yangu, mwenye banda la Tandale."

Aliacha kufuta kinyago. "Kumbe ndo wewe," akasema. "Karibu, mwanangu."

Nilitamani kumzaba kibao. Nina mvi, nimempita zaidi ya miaka kumi. "Mwanao nani?"

Hakukasirika. "Baba yangu alikuwa mchonga vinyago, chakula chake cha mchana alikuwa anakula kwenu. Siku mama yangu aliposhikwa na uchungu, mama yako aliacha sufuria jikoni akaenda naye hospitali. Mie nilifungwa kwenye khanga yake, nikapewa jina lake. Hiyo achari mama yako alimfundisha mama yangu kabla hatujarudi kusini. Mwaka jana nilikuja Tandale kumtafuta, wakaniambia amefariki. Nikashindwa hata kukusogelea."

Siku ile naikumbuka. Wali uliungua, wateja wakaondoka wamenuna, na mama akarudi jioni bila khanga yake mpya. Nilipomuuliza, alisema amempa mtu aliyeihitaji. Sikumwamini, nikamnunia mpaka kesho yake. Nilikuwa hivi hivi tangu utoto.

Na mila yetu naijua vizuri. Kwetu, anayepewa jina la mtu anashika nafasi ya mtu huyo, na watoto wa mwenye jina humwita mama au baba hata akiwa bado ananyonya. Mpwa wangu aliyepewa jina la baba nilimbeba mgongoni huku nikimbembeleza, "Nyamaza, baba." Ila njia nzima ya kwenda Kawe niliwaza wizi tu.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ateremshe ule ubao. Nikaghairi. Tangu tumzike mama, hakuna aliyeniita mwanangu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba." Akanisogezea kiti. "Umekula?"