Samaki wa Buluu Chini ya Sanamu

Kipande hiki nikikisugua kwa kidole, harufu ya udongo mbichi wa mama inanirudia papo hapo, pamoja na hofu ya asubuhi ile mjini Kasongo. Ni kitako cha sanamu ya kauri. Chini yake amechorwa samaki mdogo wa buluu.

Baba alikuwa mpishi wa Wabelgiji. Bwana wake wa kwanza, alipokuwa anarudi kwao, alimpa sanamu ya mwanamke mwenye kikapu. Zawadi ya mdomo tu, bila karatasi. Bwana aliyemfuata alikuja na mke, na mke huyo, jamani, naye alikuwa na sanamu kama hiyohiyo! Siku moja sanamu yake ikapotea. Asubuhi Madamu huyo akaingia uani kwetu na polisi wawili, wakapekua nyumba, wakaikuta yetu.

"Hii iko ya mimi!" akapiga kelele, ameikumbatia.

Baba akaeleza, wapi! Polisi mmoja alishakunjua kiboko. Nilijua kinachofuata: kuchapwa mbele ya watu, kisha gereza. Nilishika nguo ya mama.

Mama alikuwa mfinyanzi. Wanawake wa kwetu walichoma vyungu vyao katika moto mmoja, hivyo kila mmoja aliweka alama yake kitakoni. Mama hakushika chombo bila kukigeuza. Hata sahani za misheni alizipindua, nasi tukamcheka.

"Madamu, tafazali," akasema, magoti chini. "Usiigeuze kwanza, utuchoree alama iko chini ya ile yako."

Madamu akachora mchangani kwa ncha ya mwavuli: taji. Akaigeuza sanamu. Samaki!

Alimtazama samaki yule mpaka nikaona nitajikojolea. Angetaka, angefuta taji lake kwa kiatu. Akamrudishia baba sanamu, akaondoka na polisi wake. Pole hatukuisikia.

Baba hakufurahi. Aliipiga kwenye jiwe la kusagia, pwaa! Mama akaokota kitako.

"Baba, si imekuokoa?" nikalia kwa hasira.

"Miaka mine ninamupikia yule Madamu," akasema, basi.

Leo nimeupita umri aliokuwa nao baba siku ile, ndipo ninamwelewa. Miaka minne, hata kijiko hakikupotea, na neno lake halikutosha. Aliyeaminiwa ni samaki, aliyechorwa na mtu wa Ulaya asiyetujua.