Kibao cha Usizime

Chumba cha kompyuta cha idara ya maji kimenyamaza. Zamani, kabla hujafika mlangoni, ungesikia vidole vya fundi wake vikitwanga kinanda kana kwamba kinanda kimemkosea, na kila baada ya muda neno lilelile, kwa sauti ya kukoroma: "Pakia upya."

Walimwita Usizime, kwa sababu ya kibao cha karatasi alichokibandika kwenye mashine yake. Programu iliyoamua pampu ipi ipeleke maji mtaa upi ilikuwa yake, na iliendeshwa ndani ya kikao kimoja cha kompyuta alichokiacha wazi bila kukizima tangu mvua zilizopita. Akitaka kurekebisha, alibadilisha moduli moja, yaani sehemu ya programu, kwenye faili, akaipakia upya humohumo, na kazi ikaendelea bila kusimama. Kuzima na kuwasha upya, alisema, ni desturi ya waoga.

Mwoga mwenyewe alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, aliyeketi meza ya pili. Hawakuwa wamekula sahani moja tangu siku ya harusi. Shemeji alizima na kuwasha kila alipogusa kitu, na Usizime alimtazama kama mtu anavyotazama mbu ukutani.

Katika moduli ya matangi kulikuwa na kipande kimoja alichoandika shemeji, cha kupima kina cha maji. Asubuhi moja Usizime alikifuta, akapakia upya, akasubiri. Pampu ziliendelea kunguruma. Wiki zikapita, zikinguruma vilevile. Ndipo akayamwaga mbele ya mkuu wa idara na wenzao wote.

"Shemeji, kale kakipande kako nilikafuta zamani. Umeona mtaa gani umekauka? Wewe hapa unalipwa kwa kukipasha kiti moto."

Watu walicheka. Shemeji aliwaacha wamalize.

"Una hakika hakihitajiki?"

"Kikihitajika, kazi naacha leoleo."

"Basi zima, uwashe. Mara moja tu."

Mkuu aliafiki. Usizime hakuwa na pa kujificha. Alizima kwa mkono wake mwenyewe. Alipowasha, programu ilikitafuta kipande kile, ikakikosa, ikafa. Akajaribu tena, ikafa tena.

Kumbe kupakia upya huweka mapya juu ya yale ya zamani, lakini hakuyang'oi yaliyokwishaingia. Kipande kilikuwa kimefutwa kwenye faili tu. Kwenye kumbukumbu ya kikao kilikuwa hai, kikifanya kazi kila siku. Wiki zote zile mji ulikunywa kwa jasho la mtu aliyetukanwa na Usizime.

Pampu zikanyamaza. Wodi ya wazazi ikapiga simu, kisha ikapiga tena. Shemeji alikunja mikono kifuani, akasema nakala anayo.

"Niombe tu, kaka. Neno moja."

Dada yake Usizime naye alipiga, akamsihi: maji si ya mume wangu, ni ya watu. Usizime alimsikiliza mpaka mwisho, akakata simu, akabandua kibao chake na kukikunjakunja. Kuomba hakuomba. Alichukua koti, akapita katikati yao bila kumtazama mtu, na kabla hajafika getini shemeji alikuwa amekirudisha kipande na maji yanapanda mabombani.

Siku hizi Usizime anatengeneza simu kwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Kwa dada yake haendi.