Gari la Waya kwenye Mwamba wa Susu

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimelifungua gari la rimoti la kijana wangu, lile la kupanda mawe, kwa sababu kila likikutana na jiwe lilipinduka likalala chali. Shida ilikuwa nyuma. Springi zilikuwa ngumu mno. Nikazitoa, nikaweka laini, nikazilaza shokabu kidogo ili kila gurudumu lishuke kivyake. Halafu nikanusa vidole. Harufu ya mpira wa magurudumu! Rafiki yangu, nilibaki hapo kwenye veranda, bisibisi mkononi, nikawa sipo tena hapa mjini Wote. Nilikuwa karibu na Mbumbuni kwa nyanya yangu, tuliyemwita susu, na ilikuwa likizo ya Agosti.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mwamba mpana alikoanika pojo. Jua likikolea, maganda yalipasuka yenyewe, ta, ta, ta, mchana kutwa, hadi usingizi ukakushika ukiwa umesimama. Susu alikaa juu kabisa na kijiti chake, akifukuza kuku. Aliwafukuza kwa masikio, maana macho yake yalikuwa yanaziba. Mwaka uliotangulia alinitambua nikiwa bado langoni. Mwaka huo alingoja nisalimie kwanza.

Asubuhi tulichota maji na kutwanga muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na mchana ulikuwa wetu. Binamu zangu walikuwa na magari ya waya yenye magurudumu ya slipa kuukuu, wakiyasukuma kwa kijiti kirefu. Nami, msichana peke yangu, nikajitengenezea langu. Walicheka hadi wakakaa chini. Wacheke tu! Mimi nilitaka jambo moja: susu alione gari langu likipanda mwamba mpaka miguuni pake, kabla macho yake hayajaziba kabisa. Likizo ya Desemba niliiona mbali mno.

Lakini katikati ya mwamba kulikuwa na mahali palipoinuka kama ngazi. Gurudumu moja la nyuma likipanda hapo, gari lote liliinama na kuanguka. Kila siku hivyo hivyo. Nililia kwa hasira, sikufichi. Susu akasikia kishindo kutoka huko juu.

"Mama, hiyo gari yako inatembea kama mtu amefungwa matako," akasema. "Si ulegeze huko nyuma?"

Nikakata waya zilizoibana ekseli ya nyuma, nikaining'iniza kwa blada, ule mpira wa tyubu ya baiskeli, upande huu na upande ule. Mwanzoni ililegea mno, gari likaburuta tumbo. Nikakaza kidogo, nikajaribu kwa mkono. Gurudumu moja likapanda, lingine likabaki chini, na mwili wa gari ukatulia tuli. Aki ya Mungu, nilikuwa na furaha ya kuchekacheka peke yangu.

Alasiri ya mwisho ya likizo nililipeleka mwambani. Binamu zangu walikaa chini, upande wa kushoto, wakingoja kucheka. Mimi nilipandia kulia, pole pole, jiwe likinichoma nyayo. Kwenye ile ngazi gari likainua gurudumu moja, likafikiria, likapita. Wale wavulana wakasahau kucheka, wakapiga kelele za kushangilia. Nikafika hadi kwa susu, gari likagusa leso yake.

Susu akageukia upande wa binamu zangu, kule kelele zilikotoka. Akapiga makofi, uso wote ukicheka.

"Aiya! Naiona! Ona vile inapanda!"

Mimi nilikuwa kando yake, upande wa pili. Nikaliinua gari ili lisitoe sauti, nikamzunguka kwa kunyata mpaka pale alipokuwa anatazama, nikaliweka chini.

"Umeiona, susu?"

"Nimeiona yote, mama."

Mwamba ule ulivunjwa kokoto, ukabebwa na malori. Pojo siku hizi huanikwa kwenye turubai, na binamu zangu wametawanyika kila mmoja na mji wake. Susu amelala kando ya michungwa yake. Watu wameisifu kazi ya mikono yangu tangu hapo, na wote wameiona kwa macho mazima. Lakini ningetoa chochote susu anidanganye tena.