Kwenda Mandawa na Sensa Mfukoni

Shangazi Somoe alinipigia simu nikiwa Nachingwea, kwa rafiki yangu muuza spea, ambako nilikuwa nimeganda wiki kadhaa bila sababu ya maana. Hakuuliza hali.

"Mwanangu, gari limeanza tena. Linakohoa, linakunywa mafuta, taa ya injini inawaka. Na Jumamosi ndiyo siku ya Zuhura."

Zuhura ni bintiye wa mwisho, anaolewa Nandagala. Shangazi alikuwa ametangaza Mandawa nzima kwamba bibi harusi ataondoka ndani ya gari la mama yake, na dereva atakuwa mama mwenyewe. Sasa wakwe walikuwa wameleta ujumbe wa upole: kama gari linasumbua, wao watatuma la kwao. Upole huo ndio uliomchoma.

"Fundi anasema ni sensa ya oksijeni," aliendelea. "Lakini aliibadili juzijuzi tu. Wewe si unajua mambo hayo?"

Nilijua kiasi. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nimeshika spana za watu katika gereji nyingi. Sensa hiyo ni kidude kama plagi, kinakaa kwenye bomba la ekzosi, kinanusa moshi na kuiarifu injini iongeze mafuta au ipunguze. Kikiharibika, injini inakunywa hovyo. Rafiki yangu alinipa sensa mpya, spana na pikipiki yake, akanisihi nirudi navyo viwili vya mwisho.

Alhamisi asubuhi niliondoka Nachingwea. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Kila baada ya mwendo mfupi nilisikia mashine ikinguruma shambani, kisha wingu la njano likainuka juu ya mikorosho na kunishukia barabarani. Nilisimama mara kwa mara kuangalia, maana mimi kitu chochote chenye injini hunisimamisha.

Ruangwa mjini nilikunywa chai. Mama muuza chai alinitazama usoni.

"Kaka, wewe umepuliza mikorosho au mikorosho imekupuliza wewe?"

Nilinawa, nikaongeza kikombe cha pili.

Jioni nikaingia Mandawa kwa njia ya vumbi. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Gari hilo pale."

Mumewe, mjomba Hemedi, alitoka ghalani akicheka. Yeye ni mtu wa korosho na ufuta. Haendeshi, ila gari hilo analipenda kama ng'ombe wa maziwa. "Mwache ale kwanza," alisema. "Gari halikimbii. Hilo ndilo tatizo lake."

Ijumaa, baada ya chai, tuliwasha injini kidogo ili bomba lipate joto, kwa kuwa sensa iliyoshikwa na kutu haitoki kwa ubaridi. Nikazima, nikachomoa waya wa betri na soketi ya sensa, nikafungua taratibu kwa spana. Ilipotoka nilishangaa. Kichwa chake kilikuwa cheusi, tena kimelowa oili. Nilifunga mpya bila kugusa kichwa chake, nikarudisha waya. Injini ikaunguruma vizuri, taa ikabaki imezimika. Shangazi akapiga kigelegele kifupi.

"Ngoja nilijaze kabisa," mjomba akasema, akaja na dumu kutoka ghalani.

Alikuwa ameshafungua mfuniko wa tangi harufu iliponifikia. Nilimshika mkono. Petroli ile ilikuwa na rangi ya chai.

"Mjomba, dumu hili la nini?"

"La petroli."

"Ya mashine ya kupulizia?"

"Petroli ni petroli. Kituo kiko mbali, mwanangu. Nikiona gari limepungukiwa, naliongezea kidogo."

Mashine ya kupulizia hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Bila oili inakufa. Gari likipewa mchanganyiko huo, oili inaungua, inatoka na moshi, inaivika sensa masizi. Niliwaeleza.

"Hemedi," shangazi akasema polepole, "kumbe msimu mzima unalipulizia gari langu kama mkorosho."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Sasa nisaidie kulitapisha."

Mjomba alivuta mpira kwa mdomo wake mwenyewe mpaka tangi likakauka, akitema mate na kulaumu oili. Petroli haikupotea, ilirudi kwenye dumu la shambani. Mimi nikapanda pikipiki kwenda mjini kuleta safi.

Jumamosi mchana tuliingia Nandagala. Shangazi alikaa wima nyuma ya usukani, Zuhura kando yake amefunikwa, mjomba kiti cha nyuma, na mimi nikifuata na pikipiki, nikiangalia ekzosi kuliko bibi harusi. Haikutoa moshi hata kidogo. Wakwe walipokea kwa vigelegele, na gari lao halikutajwa tena.

Jumapili nilirudi Nachingwea na spana na pikipiki. Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kufunga kifaa kipya, ni vizuri kumuuliza kila mtu wa nyumba ile analipendaje gari. Fundi alibadili sensa na kwenda zake, hakufika ghalani.

Sasa mna madumu mawili mle. La gari shangazi amelifunga kipande cha khanga shingoni. Na nilipokuwa naondoka Nandagala, nilimsikia mjomba akiwasimulia wakwe jinsi alivyogundua ubovu wa gari kwa kuionja petroli.